Miezi Miwili ya Kufikiria

Benchi lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu, na kila mtu alikuwa na nafasi yake. Gazeti, karani mstaafu aliyesoma magazeti ya jana kwa sauti ya mtu anayeyaandika leo, alikaa upande wa kivuli. Breki, dereva wa lori lililokuwa gereji mwezi wa tatu sasa, alikaa katikati. Wembe, kinyozi wa kibanda cha pili, alikaa mwisho, sikio moja kwenye redio yake na jicho moja kwenye kiti chake cha wateja, ambacho kwa kawaida kilikuwa kitupu. Mwenye kijiwe, Soli, yeye alikuwa kwenye stuli yake, nyundo mkononi na misumari midomoni. Kahawa ilitoka kwake. Kila asubuhi aliikuta chupa nyekundu mezani nyumbani imeshajazwa, akaibeba, akaja nayo. Miaka kumi na moja wameinywa, na hakuna aliyewahi kujua inapikwa saa ngapi.

Siku hiyo redio ilimleta mchumi. Mama mmoja mwenye sauti ya upole, asiyepayuka wala kutukana mtu, na labda ndiyo maana maneno yake yaliwachoma zaidi. Alisema kupika, kufua na kulea ni kazi inayoibeba nchi mgongoni, ila kwa kuwa inafanyika ndani ya nyumba, watu wanadhani inajifanya yenyewe. Akasema kila penye kazi pawe na mahali pa kulelea watoto, ili mama anayetaka kazi aifanye. Akasema baba apewe likizo ya mwezi mzima mtoto akizaliwa, akae nyumbani alee. Mwishoni akatangaza kuwa makarani wa takwimu wameanza kupita mitaani kuuliza kila nyumba siku yao inakwendaje, saa kwa saa, na akaongeza, kwa upole ule ule, kwamba angependa sana kujua wanaume wa mijini wanafanya nini saa nne asubuhi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Wembe akaizima redio.

— Ametuona, Breki akasema. Huyu mama ametuona!

— Tulia wewe, amesema wanaume kwa jumla, Gazeti akamjibu, lakini na yeye alikuwa ameshusha kikombe.

— Na hiyo likizo je? Mimi nikae nyumbani mwezi mzima? Mke wangu atahama.

— Si uko nyumbani mwezi wa tatu sasa, bwana?

— Niko kijiweni! Nyumbani nalala tu.

Gazeti akakohoa kile kikohozi chake cha ofisini.

— Nawaambieni, mimi nimefanya kazi na makaratasi miaka thelathini. Likizo ya uzazi haitoki bila cheti cha daktari. Sasa daktari atampima nini mwanamume?

— Maziwa! Wembe akadakia.

Wakacheka, ila kicheko kilikatika njiani. Breki alijipapasa kifua.

Soli alitema misumari kwenye kiganja. Mapajani alikuwa na kiatu cheusi cha kike, cha kufunika, kisigino kimelika. Kilikuwa cha mkewe. Alikikuta asubuhi kando ya chupa ya kahawa, na hakuona haja ya kuuliza. Kiatu kikiletwa kwa fundi kinatengenezwa, basi.

— Nyinyi mnababaika bure, alisema. Mwanamke ni kumjulia. Wangu mwanzoni mwa mvua aliniomba ruhusa. Ati hospitali wanataka mtu wa chumba cha mashuka, na yeye kabla sijamuoa alikuwa dobi mzuri tu, basi anataka kwenda. Akasema wanangoja jibu Jumatatu.

— Ukamwambiaje?

— Nikamwambia nitafikiria.

— Jumatatu ikafika?

— Ikafika, ikapita. Akaniuliza tena, nikamwambia bado nafikiria. Hakuuliza tena. Huu mwezi wa pili nafikiria, na nyumba imetulia kuliko zamani! Mashati yangu yananyooka mpaka naogopa kukaa. Chakula nakikuta kimefunikwa. Hakuna makelele.

— Wewe ni mwanasiasa, Breki akasema kwa wivu wa wazi.

Soli akatabasamu, lakini moyoni hakuwa ametulia kama alivyojitangaza. Redio kama ile mkewe naye huisikiliza. Aliamua pale pale kwamba jioni atalimaliza jambo hili: atamwambia hapana, kwa sauti ya kawaida, wakati wa kula. Nyumba ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni yeye. Hilo tu ndilo alilotaka libaki mahali pake.

— Mnaona karibu sana, Wembe akaanza, na wote wakajua sasa kunakuja kitu. Hawa wakishaandika saa, wataweka vyeo. Mwanamke mwenye watoto watatu, koplo. Watano, kapteni. Atavaa hapa begani. Mama mkwe wangu, tisa, jenerali.

— Mama mkwe wako ni jenerali tayari, Breki akasema, amekosa magwanda tu.

— Cheka! Ukiingia jikoni bila kupiga saluti, unalala ndani.

— Hiyo ndogo, Gazeti akasema, ambaye hakupenda kupitwa. Fikirini kwa kichwa. Wanawake wote wakienda kazini, maofisi yatajaa. Yakijaa, wanaume watatoka. Wakitoka watakwenda wapi?

Wakatazamana.

— Hapa, Breki akanong'ona.

— Hapa! Benchi hili litagombaniwa. Tutakaa kwa zamu, tena kwa kadi yenye picha. Wewe Breki utapewa Jumanne, dakika arobaini, umesimama.

— Jamani!

— Na baada ya miaka ishirini, Wembe akamalizia, mikono hewani, watoto wa kiume watazaliwa hawana sauti. Haitakuwa na kazi tena, itakatika yenyewe kama mkia.

Breki alimeza kahawa yake yote kwa mshituko, kisha akakunja uso.

— Na hii kahawa, Soli, siku hizi inapoa mapema. Zamani saa tano ilikuwa inachoma ulimi.

— Chupa imechoka. Nitanunua nyingine.

Msichana aliyetokea hapo alivaa kizibao cha njano na kushika kishikwambi kifuani. Aliwaamkia wote kwa pamoja, nao wakaitikia marahaba kwa sauti nne tofauti, maana walikuwa wamekwisha kuisoma kadi iliyoning'inia shingoni mwake. Karani wa takwimu.

— Samahani wazee wangu. Namtafuta baba wa nyumba ya mlango wa kijani, ile ya pembeni.

— Ndiye mimi, mwanangu, Soli akasema, akajinyoosha. Uliza.

— Ni maswali mepesi tu, baba. Mama anaamka saa ngapi?

Soli akacheka kidogo.

— Mimi nikiamka, yeye ameshaamka.

— Na wewe unaamka saa ngapi?

— Saa moja.

— Kwa hiyo kabla ya saa moja anafanya nini?

— Anapika kahawa hii.

— Kuanzia saa ngapi?

Soli aliitazama chupa, kana kwamba ilikuwa na saa tumboni. Akawatazama wenzake. Gazeti ghafla alikuwa na habari muhimu ya kusoma. Breki alifunga kamba za viatu vyake, navyo vilikuwa ndala.

— Mapema, Soli akasema.

— Nitaandika mapema. Na saa hii mama yuko wapi?

— Nyumbani.

Msichana hakuandika. Alimtazama, kisha akatazama chini, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu.

— Baba, mimi natoka nyumbani kwako. Nimepiga hodi mara tatu. Pana kufuli.

— Basi yuko kwa jirani.

— Jirani ndiye aliyenielekeza huku. Amesema... labda nimekosea nyumba, baba.

— Amesema nini?

— Amesema mama yuko kazini. Hospitali. Ndiye mkuu wa chumba cha mashuka. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tisa. Tangu mvua zilipoanza.

Kwenye kibanda cha pili mteja aliingia, akakaa kwenye kiti, akaita kinyozi, na kinyozi hakugeuka.

— Tangu mvua? Breki akasema hatimaye. Soli! Mvua si zimekwisha?

Soli alikuwa ameduwaa, nyundo imesimama hewani. Mambo yakaanza kumjia moja moja, na kila moja lilimpiga. Mashati yaliyonyooka. Chakula kilichofunikwa, na yeye anakula peke yake akidhani mwenzake yuko uani au kwa jirani. Chupa haikuwa imechoka hata kidogo: kahawa ilipikwa saa kumi, wakati yeye anakoroma, na ikifika saa tano imekwisha kuwa maji ya vuguvugu. Kisha macho yake yakashuka mapajani.

Mtaa mzima ulijua sifa yake moja. Mpe Soli kiatu, atakutajia kazi ya mwenyewe. Alimjua Breki kwa soli ya kulia iliyolika kwa kukanyaga breki, ndipo akampa jina. Alimjua Gazeti kwa visigino vizima vya mtu wa kukaa kitini. Hiki cheusi alikuwa amekitia soli mara mbili ndani ya miezi miwili. Kililika sawasawa, kisigino na kidole, kama kiatu cha mtu anayesimama kutwa kwenye sakafu ngumu na kusukuma vitu vizito. Alikuwa amekishika, akakigonga, akakipaka rangi, na hakikumwambia kitu.

— Hebu kisome, Wembe akasema taratibu. Hakuwa anamtania.

Soli aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Na chini ya aibu palikuwa na kitu kibaya zaidi, woga: kwamba lile hapana lake alilokuwa amelitunza kwa ajili ya jioni halikuwa na mtu wa kulipokea.

— Muongo jirani, alisema. Akatoa simu. Nitampigia sasa hivi, nyote mtasikia.

Akaweka sauti kubwa. Simu ikaita mara mbili. Nyuma ya sauti iliyopokea zilisikika mashine zikinguruma, na mtu akiuliza mashuka ya wodi ya watoto yapelekwe mlango gani.

— Mlango wa pili, na mhesabu vizuri, sauti ikasema, imara, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kisha ikalainika. Haloo, baba watoto.

Soli alisogeza simu karibu na mdomo.

— Uko... uko wapi?

— Kazini. Kuna tatizo?

Aliwatazama wenzake wamwokoe. Gazeti, mwenye maneno ya miaka thelathini, alitikisa kichwa.

— Hapana, Soli akasema. Hakuna tatizo.

— Vizuri. Kiatu changu kimekwisha?

— Bado... bado msumari mmoja.

— Usisahau, kesho nina zamu. Na chakula kipo, nimekifunika. Mashine zikanguruma. Halafu lile jambo langu, baba watoto. Umeshamaliza kufikiria?

Msichana wa takwimu alikuwa bado amesimama, kidole juu ya kishikwambi, akingoja. Breki aliinamisha chupa juu ya kikombe cha Soli, ampe angalau kitu cha kushika. Hakikutoka kitu.

— Haloo? sauti ikauliza. Unanisikia?