Wasifu wa Ylva Sundblom, Aliyepima Barafu ya Geta

Ylva alizaliwa safarini, tarehe 9 Februari 1966, ndani ya feri iliyokuwa ikikwaruza barafu kutoka Grisslehamn kwenda Eckerö. Mama yake, Gunvor Ek, alikuwa akienda kumjulia hali dada yake katika visiwa ambavyo hakuwahi kuvikanyaga. Akashuka na mtoto amefungwa katika koti la nahodha, na makarani wa pande zote mbili wakabishana wiki nzima mtoto huyu ni wa bandari ipi.

Alisoma Uppsala, akahitimu ufundi wa maabara mwaka 1988. Ripoti zake za shule zilirudia neno moja kila muhula: anauliza mno. Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi katika maabara ya hospitali, akichungulia damu za watu asiowajua.

Tarehe 13 Juni 1998 alifunga ndoa na Holger Sundblom, fundi wa injini za boti. Wakampata Alvar mwaka 2000 na Tove mwaka 2003. Sheria ya Sweden ilipobana masomo ya nyumbani, walivuka maji na makasha kumi na moja, wakahamia visiwani, hapa Geta, mwaka 2012.

Familia sita ziliungana. Hapakuwa na kengele wala ratiba: mtoto alichagua mwenyewe cha kujifunza, wazazi wakachangia vifaa. Hadubini, cherehani, ramani za bahari na keke ya kutobolea barafu vilikaa katika banda la Ylva, na kila kilichotoka kiliandikwa kwenye daftari la kuazimia. Kanuni ilikuwa moja: mtu mzima asimpokonye mtoto jibu. Kwa hiyo mtoto akiuliza, Ylva alisema, “Wewe unaonaje?”

Asubuhi moja Holger aliita kutoka chumbani, “Mke wangu, soksi zangu za sufu ziko wapi?” Watoto, midomo imejaa pankeki na plamu, wakapaza sauti: “Wewe unaonaje, baba?” Alikwenda kazini na buti bila soksi.

Mdogo wake, Torkel, anayesoma haya, alimpigia simu kutoka bandari za mbali kumtania. “Dada, wewe ni mwalimu usiyefundisha.”

“Na wewe ni msafiri usiyefika. Unakuja lini?”

Amefika wiki hii.

Yanayofuata Ylva aliagiza yasomwe bila kufichwa. Alhamisi, tarehe 7 Machi 2013, Tove, mwenye miaka tisa, alisimama mlangoni amevaa buti. Ylva alikuwa akitengeneza hadubini.

“Mama, barafu itanibeba?”

“Wewe unaonaje?” alijibu, bila kuinua macho.

Tove alijua la kufanya: unatoboa, unapima. Alikwenda bandani, akaandika jina lake kwenye daftari, na pembeni yake “keke”. Kisha akalikata neno hilo, kwa kuwa keke haikuwepo. Ilikuwa kwa jirani, Bodil Westerlund. Barafu ilikuwa nyeupe, akaiamini. Walimpata chini ya barafu saa tisa alasiri.

Bodil aliirudisha keke kwa kuiegemeza getini, hakubisha hodi. Kwa miaka kumi na moja, wakikutana dukani, aligeukia rafu nyingine. Ylva naye hakumfuata. Aliogopa kwamba Bodil angeomba msamaha, naye angeupokea.

Tangu hapo, kila asubuhi ya majira ya baridi, Ylva alitoboa barafu na kuandika unene wake kwa sentimita kwenye ubao wa gatini, boti zinapofungwa. Alvar anasema mama yake aliitaja namba kwa sauti kabla ya kuiandika, kama anayemjibu mtu aliyesimama mlangoni.

Septemba 2023 aligunduliwa na saratani ya kongosho. Alipoishiwa nguvu, Holger alimvuta kwa sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, hadi gatini. Namba yake ya mwisho ilikuwa ishirini na tatu. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 22 Januari 2024, saa nne asubuhi. Hakuna aliyethubutu kuufuta ubao.

Aliacha karatasi: “Keke iliazimwa kwa haki. Bodil aliiandikisha. Mtoto aliniuliza mimi.”

Alhamisi iliyopita Holger aliipeleka karatasi hiyo kwa Bodil, pamoja na keke. Bodil aliisoma akiwa amesimama mlangoni.

“Mmechelewa, Holger.”

“Tumechelewa, jirani.”

“Na hili dude unaniletea la nini?”

“Nimekuandika kwenye daftari. Usipolitaka, njoo ulikate jina mwenyewe.”

Ylva ameacha mume, Holger, mwana, Alvar, mdogo wake, Torkel, na watoto kumi na saba wa familia sita, waliokua wakimuuliza. Anazikwa kando ya Tove.

Asubuhi ya leo, tarehe 10 Februari, jeneza lilipopita gatini, ishirini na tatu ilikuwa imefutwa. Pameandikwa thelathini na moja. Mwandiko si wa Ylva, na nyayo zilizotoka kwenye tundu jipya zinaelekea kwa Bodil.

Yeye anaondoka, sisi tunabaki na keke. Apumzike; barafu tutaipima.