Bweni Linalosubiri Mkasi

Risala ya wahitimu wa kidato cha nne, Shule ya Sekondari Namtengele, Mtwara, kwa mgeni rasmi, siku ya mahafali

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Shule Mwalimu Gideoni, Mwenyekiti wa Bodi, walimu wetu, wazazi wetu mliotoka Mpapura tangu alfajiri, na wadogo zetu mliosimama juani ili viti vitutoshe: asalaam alaykum, na Bwana asifiwe.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, tuna furaha isiyoelezeka kukuona. Tumejiandaa kuieleza tangu tukiwa kidato cha tatu, lakini kila tulipokuwa tayari ulikuja ujumbe kwamba mgeni amepata udhuru. Mara ya kwanza ilikuwa kikao. Mara ya pili ilikuwa barabara. Mara ya tatu hatukuambiwa kitu, tuliona tu walimu wanakula pilau ya wageni, maana pilau haiahirishwi.

Wimbo tuliokupokea nao ulitungwa kwa ajili ya mtangulizi wako. Alipohamishwa, mwalimu wa kwaya alifuta jina lake akaweka lako. Kama ulisikia tunakimbizana pale kwenye kiitikio, tuwie radhi, jina lako lina silabi nyingi kuliko la mwenzako. Sifa zenyewe hazikuhitaji kubadilishwa hata moja.

HISTORIA

Tulipoingia kidato cha kwanza, shule hii haikuwa na bweni. Wanaotoka jirani walirudi kwao jioni. Wanaotoka mbali walipanga vyumba mtaani, ambavyo sisi tunaviita mageto: chumba kimoja, wasichana wanne, jiko la mkaa mlangoni, na mwenye nyumba anayekohoa ukutani kila mkicheka.

Wazazi walipoona hali hiyo hawakusubiri mtu. Walichimba msingi kwa majembe yao ya mihogo. Akina mama walibeba maji ya zege kichwani, na sisi tulibeba mchanga baada ya vipindi, na wakati mwingine badala ya vipindi. Serikali ikaleta bati, saruji na vitanda, na tunaishukuru kwa dhati. Tukiwa kidato cha tatu bweni la wasichana likakamilika: vitanda vya chuma vya juu na chini, magodoro yenye nailoni zake, vyandarua, taa, hata kitasa kinachofunga.

Ndipo tukaelezwa kwamba jengo haliwezi kutumika kabla ya kuzinduliwa. Tuliuliza kwa nini, na Mwalimu Gideoni alitujibu kwa upole, kama kawaida yake.

"Wanangu, mkishalala humo, mgeni akija atazindua nini?"

Tulirudi mtaani, kwenye mageto yetu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, katika kipindi cha kukusubiri tumepata mafanikio makubwa. La kwanza ni usafi. Kila Ijumaa wasichana wa darasa letu hupiga deki bweni zima, kwa sababu mgeni anaweza kutokea wakati wowote. Dada mkuu hupewa ufunguo, tunainama kwa adabu chini ya utepe tusiukate, tunapiga deki, tunakung'uta vyandarua, tunafukuza popo, tunainama tena na ndoo zetu, tunatoka, tunafunga, kisha tunakwenda kulala mtaani. Hakuna bweni safi kama hili mkoa mzima. Halijawahi kulaliwa na binadamu.

Utepe nao tumeutunza. Ule wa kwanza ulipauka kwa jua. Wa pili aliula mbuzi, akaadhibiwa. Huu wa sasa ni mpya kabisa, umenunuliwa kwa heshima yako.

Tumefaulu pia katika elimu ya nishati. Gesi ya Mnazi Bay, inayochimbwa hapahapa mkoani kwetu, tunaifahamu vizuri sana kwenye mchoro wa Jiografia. Uji wetu unafahamu kuni, ambazo kila mwanafunzi huja nazo Jumatatu, na asiyekuja nazo hufahamu kitu kingine.

CHANGAMOTO

Mkuu wa Shule alipopitia risala hii alitushauri tusiandike "shida", tuandike "changamoto". Tumetii. Tunayo changamoto moja tu, nayo ina magunia.

Wewe ni mgeni katika mkoa wetu, kwa hiyo turuhusu tukueleze. Msimu wa korosho ukianza, kila chumba chenye bati zima kinatafutwa. Korosho hazitakiwi kunyeshewa, wala kulala nje zikaibwa. Kwa hiyo mwenye nyumba hupita kwenye mageto, anasalimia vizuri, anauliza habari za masomo, halafu anatuomba tupishe magunia. Mtihani wetu wa mwisho nao huanza msimu huohuo, bila kuwauliza wakulima. Hatuwalaumu wenye nyumba. Wazazi wetu wenyewe ni wakulima wa korosho, na ada na madaftari yetu yametoka humo humo kwenye magunia yanayotutoa vyumbani.

Mwaka jana tulikuwa na mwenzetu anaitwa Husna. Alikuwa anatufundisha Baiolojia siku ambazo mwalimu hayupo, ambazo ni nyingi. Msimu ulipoanza, chumba chake kilijazwa korosho, akarudi kwao Mpapura akasema anakaa kidogo tu, msimu ukipungua atarudi. Msimu ulipungua. Tulipokwenda kumwita tulimkuta ameolewa. Watu walisema sherehe ilifana. Alitupikia chai, akatuuliza tumefika mada gani, tukamwambia, akamimina tena chai kwenye vikombe vilivyokuwa bado vimejaa. Mgeni rasmi, hapa hatuna mzaha wa kutia. Tulilia njia nzima, wavulana kwa wasichana. Wakati ule bweni lilikuwa limeshakamilika, na Ijumaa hiyo tulilipiga deki kama kawaida.

Mwaka huu ni zamu ya Mwanaisha. Juzi mwenye nyumba wake, Bi Fatuma, alimwamsha asubuhi kwa maneno haya:

"Mwanangu, usinichukie. Korosho hazina miguu, wewe unayo."

Mwanaisha alifungasha. Sasa analala kwenye banda la kupikia la jirani, na daftari zake zinanuka moshi. Baba yake amekwisha kutuma ujumbe: kama hakuna pa kulala, arudi nyumbani, mtihani si wa lazima. Yupo hapa leo, ameketi pale chini ya turubai, amekuja kumchukua baada ya chakula.

MAOMBI

Katika nakala aliyoipitia Mkuu wa Shule, hapa tunaomba televisheni ya bwalo na mipira miwili. Tunaomba vyote, tena kwa unyenyekevu. Ukurasa unaofuata hakuupitia, na tunaomba asiulizwe, maana hata sasa ukimtazama usoni utaona hajui lolote.

Mgeni rasmi, tumeisoma ratiba ya leo. Utapanda mti, utagawa vyeti, utapiga picha, utakula. Kuzindua bweni hakumo. Tulipouliza, tuliambiwa jengo hili linahitaji mgeni mkubwa zaidi, na huenda atapatikana mwakani. Hatusemi kwamba wewe ni mdogo. Ratiba ndiyo inayosema.

Kwa hiyo tunakuomba ugeuke kidogo utazame safu tatu za nyuma upande wa kushoto. Utaona viti vitupu. Risala ilipoanza vilikuwa vimekaliwa na wasichana wa kidato cha nne wanaoishi mageto. Ufunguo ulikuwa kwa dada mkuu, kama kila Ijumaa, na leo ni Ijumaa, naye amewaachia. Tulipokuwa tunakusomea habari za mbuzi, walikuwa wanapitisha matranka chini ya utepe, wakiinama kwa adabu ileile. Wavulana walibaki vitini, na kama umeshangaa kwa nini wanapiga makofi kwa nguvu mahali pasipo na la kupigia makofi, sababu ni kwamba matranka ya bati yana kelele sana yakiburutwa kwenye saruji.

Risala imekuwa ndefu kwa sababu tranka la Mwanaisha ni zito. Tumearifiwa sasa hivi kwa ishara kwamba limeingia.

Ombi letu la pekee ni hili. Utepe haujakatwa. Tumeulinda mpaka dakika hii, na mkasi tumeuweka kwenye sinia pale mbele yako, chini ya kile kitambaa ulichodhani kimefunika maua. Unaweza kuushika, ukatembea nasi hadi mlangoni, ukakata, mpiga picha akapiga, na ukaondoka Namtengele ukiwa mtu aliyefungua bweni. Au unaweza kuagiza watolewe nje, na hapo itabidi watolewe mmoja mmoja, na magodoro yao, mbele ya wazazi waliochimba msingi. Picha zitapigwa vilevile.

Na wewe baba yake Mwanaisha, shikamoo. Tunakuomba ule chakula taratibu, kisha uende ukamwone mwanao mahali alipo. Ukiona panafaa, mwache hapo mpaka mtihani uishe.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akupe siha, akulinde barabarani, na akujalie ujasiri wa kazi ndogo iliyo mbele yako. Awabariki wazazi wetu na mikono yao. Ampe Mwalimu Gideoni moyo wa kutusamehe kabla ya Jumatatu.

Ni sisi, wahitimu wa kidato cha nne wa Shule ya Sekondari Namtengele, wenyeji wa bweni la wasichana.

Imesomwa kwa niaba yao na Yustina Petro, dada mkuu, kitanda cha juu, kando ya dirisha.