Roza Hakurudi na Basi

Benchi letu la Kihesa, hapa Iringa, liko kwenye baraza ya duka la Umakant, kushoto kwa cherehani yangu. Jioni hiyo ya mwaka sabini na sita baridi ilikuwa imeshuka mapema na watu walikuwa wamejikunja ndani ya makoti. Crispin, tunayemwita Redio kwa kuwa hasubiri taarifa ya habari, alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Pembeni yake alikaa Anania, aliyewahi kuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo. Huyo tunamwita Hakimu. Filemoni muuza kahawa hakai benchini, huchuchumaa karibu na birika lake na kuchangia akiwa huko huko chini. Wiki mbili nzima mazungumzo yalikuwa hayo hayo. Timu yetu ya mkoa ya mpira wa kikapu, ya wanawake, ilikwenda Mbeya ikafungwa. Wasichana hao mkoa uliwapa kazi maofisini ili wacheze, na aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Roza Nkuba, mpiga chapa, Msukuma mrefu wa kutoka Madibira. Basi lilirudi bila Roza.

— Alicheza kipindi cha kwanza tu, alisema Redio. Baada ya mapumziko hakuonekana tena. Nimeambiwa na utingo wa lile basi.

— Labda aliumia, alisema Hakimu.

— Angeumia angerudi na bandeji. Mbeya wamemchukua. Wamempa kazi reli.

— Kazi ya reli haitolewi wakati wa mapumziko.

— Hii ilitolewa. Kuna bwana mmoja wa suti alikuwa anamngoja mlangoni.

Filemoni alimwongezea kahawa.

— Mimi nilivyosikia ni mambo ya mwanamume, alisema. Dereva wa malori ya Zambia.

— Dereva gani atataka msichana anayemzidi kimo? Redio aliuliza.

— Dereva muda wote amekaa. Kimo chake nani anakijua?

Hakimu alikohoa, kama anavyofanya akitaka kutoa hukumu.

— Nyinyi mnazunguka. Hapa tatizo ni sheria. Kuna urefu ambao mwanamke akiuzidi haruhusiwi kucheza. Wamempima wakati wa mapumziko, wamemzuia.

— Wanapimaje?

— Kwa mlango. Akiinama kuingia, amezidi.

— Basi mimi jikoni kwangu nimezuiwa siku nyingi, alisema Filemoni.

Redio hapendi kupitwa. Aliweka kikombe chini.

— Roza hivi sasa yuko Lusaka. Walimpandisha treni siku ile ile, wakambadilisha jina. Karibuni mtasikia Zambia wana msichana mrefu anaitwa Jenifa.

— Na sisi tumepewa nini? Hakimu aliuliza.

— Saruji.

— Iko wapi hiyo saruji?

— Ndiyo nasema kuna watu wameila.

Umakant alijibu kutoka ndani bila kunyanyua kichwa.

— Bwana Redio, saruji ikiingia Iringa mimi nitajua kwanza.

Wakati huo alikuwa akimhudumia mzee mmoja aliyekuja kununua tumbaku. Sisi hatukuwa tumemjali. Mzee alitoka nje na kusimama mbele ya benchi. Alikuwa mrefu, amejitanda shuka, ana fimbo ya mchungaji, na vumbi la njiani lilikuwa limempanda mpaka magotini. Alitusalimia, tukaitikia.

— Huyo Roza mnayemsema ni binti yangu, alisema. Mimi ndiye Nkuba.

Hakimu alisogea kumpa nafasi. Filemoni akampa kahawa. Mzee aliketi, akanywa kidogo, kisha akatueleza polepole, kwa Kiswahili cha mtu anayechagua maneno.

Mama yake Roza alikuwa mgonjwa tangu mavuno. Siku ya mchezo hali ilibadilika, na dereva wa lori la mpunga lililokuwa likienda Mbeya akapewa ujumbe. Alimkuta Roza anakunywa maji, wenzake wamejilaza kivulini. Roza alivua viatu vya timu akamkabidhi kapteni, akaondoka na lori hilo hilo lilipogeuza.

— Alimkuta hai, alisema mzee. Mama yake akamuuliza, huo mpira wenu unachezwaje? Maana sisi tulisikia tu kwamba anacheza. Roza akakunja khanga ya mama yake ikawa duara, akairusha ikaingia kwenye tenga lililokuwa pembeni. Mama yake akacheka. Akasema, rudia. Akarudia. Kila akichoka mama anasema, rudia. Mimi nilikuwa mlangoni, naokota khanga ikianguka nje.

Alikunywa tena.

— Alifariki alfajiri. Tulipomaliza matanga binti akasema harudi tena huku, atabaki kunipikia. Nikamwambia kupika nitajifunza. Akakataa. Nikamwambia basi twende wote, na mimi nikaone. Ndiyo tumefika leo. Yeye ametangulia mazoezini, mimi nikaingia hapa kununua tumbaku. Huo uwanja wao uko wapi?

Hakimu alimtazama Redio. Redio alitazama kikombe chake.

— Uko huku mjini, alisema Redio.

— Mjini upande gani?

Redio alinyoosha mkono, ukafika katikati ukasita, akaurudisha. Filemoni alisema huenda ni jirani na shule, ila shule gani hakuwa na hakika. Umakant alitoka mpaka mlangoni, akafikiri, akarudi ndani. Na mimi nilikuwa sijui. Timu ile tuliijua kwa majina, kwa vimo, kwa makabila na kwa wachumba, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kwenda kuitazama.

Mzee alirudisha kikombe, akashukuru, akasimama.

Nilifunika cherehani yangu nikamfuata. Tulimuuliza mwanamke aliyekuwa anapanga nyanya, akatuonyesha njia kwa kidole bila kuacha kupanga. Hapakuwa mbali. Uwanja ulikuwa wa udongo ulioshindiliwa, nguzo mbili za miti zenye pete za chuma, na wasichana wakikimbia huku mmoja akipiga filimbi. Roza alikuwa katikati yao, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Alipewa mpira, akaudundisha chini, akaruka, akaurusha. Uligonga chuma ukatoka nje.

Mzee alilaza fimbo yake chini akaketi juu ya majani, mikono magotini.

Roza alituona. Hakupunga mkono wala hakutabasamu. Alifuta viganja kwenye kaptula, akauomba mpira tena.