Risala ya Wachoraji wa Butembo juu ya Plan ya Pont ya Mabalako

Mgeni rasmi, Bwana Administrateur, umefika salama pamoja na maaskari wako, na sisi watumishi wa Atelier ya Dessin Tujenge tunakupokea kwa mikono miwili. Viti hivi tumeazima parokiani. Kama chako kinayumba, utusamehe, si dharau. Zorobabel anayesoma ametumwa na sisi wote. Neno litakalokuudhi ni letu, si lake.

HISTORIA

Tulianza na meza mbili, rula na wino. Mwaka 1999 mfanyabiashara mmoja akatuletea ordinateur, ndiyo kompyuta, kutoka Kampala, nasi tukaizunguka siku tatu bila kuigusa. Aliyethubutu kuikalia ni Kavuo, binti wa mama Godelive. Alikwenda Beni kujifunza kwa ingénieur Jean-de-Dieu, na aliporudi alichora nyumba nzima kwa kugonga vidole tu, sisi wazee wa wino tukabaki midomo wazi.

KAZI TULIYOFANYA

Dispensaire kule Kirumba, shule mbili, na kubwa kuliko zote, pont ya Mabalako, daraja ambalo leo umekuja kuliwekea jiwe la msingi. Mwaka jana mvua iliibeba pont ya zamani, ile ya miti. Tangu hapo wamama wenye mimba wanavushwa kwa kipoyi, machela ya mabegani, juu ya magogo mawili, na wabebaji wanasali kwa sauti. Kavuo ni mzaliwa wa kule. Dada yake Agar alivushwa hivyo akiwa na mimba ya miezi minane, Kavuo akimtazama kutoka ng'ambo, hawezi kufanya lolote. Ndiyo maana alipopewa dessin hii aliiinamia wiki sita, hata chakula tulimlazimisha.

MATATIZO

Hapa, Bwana Administrateur, tunaomba uvumilivu wako.

Asubuhi moja maaskari walikuja kuchukua groupe yetu, mashine inayotupa courant ya umeme. Walisema wanairécupérer kwa muda. Kavuo alikuwa anahifadhi mchoro wakati huo huo, akawaomba dakika mbili. Hawakuwa nazo. Courant ilikatika, na alasiri, tulipoazima groupe ya jirani yetu Djuma, mwenye malori, ordinateur iliamka ikaikataa pont: eti dessin hii si halali, haifunguki. Kavuo alishika kichwa. Kopi kwenye disquette hakuwa nayo, kwa sababu mchoro ulishakuwa mkubwa na disquette moja haikutosha, akawa anasema kila siku atafanya kesho. Kosa hilo ni lake na halikatai.

Akakimbilia phonie, redio ya mawasiliano ya parokia, kumwita mwalimu wake kule Beni. Jean-de-Dieu alimtuliza. Alimwambia kwamba kila unapohifadhi mchoro, ordinateur inaweka pembeni ule wa kabla yake, jina lile lile, mkia tu wa jina ndio tofauti. Abadilishe mkia, aufungue polepole. Lakini mtu asithubutu kuulazimisha ule ulioharibika na kuuhifadhi, kwa maana mbovu utachukua nafasi ya mzima, na hapo ndiyo kwisha. Kavuo alifurahi mno, akajibu maneno ambayo tunakuomba uyasikilize vizuri:

"Papa, plan ya pont ilisha haribika, mais hapana shida. Kesho asubuhi nitarécupérer yote."

Fundi wa ordinateur akisema kurécupérer, anasema kurudisha mchoro uliopotea. Lakini katika mji huu neno hilo tumelizoea kwa njia nyingine. Mbuzi akichukuliwa, amekuwa récupéré. Baiskeli, vile vile. Mtu wa usalama aliyekuwa anasikiliza phonie alisikia plan, akasikia pont, akasikia neno hilo, akaelewa kwamba kuna watu wanataka kuiteka pont. Hatumlaumu sana. Hiyo ndiyo maana anayoijua.

Kesho yake Kavuo alibadilisha mkia wa jina, na nguzo zikaanza kutokea, moja, ya pili. Alicheka, akatuita tuje kuona. Kabla hatujafika mezani mlango uligongwa kwa buti. Walibeba écran, kile kioo cha kutazamia, kwanza, wakidhani plan imo ndani yake, kiisha wakarudi kuchukua sanduku la ordinateur. Kavuo walikuwa wamemchukua safari ya kwanza.

Walimuuliza, "Unataka kurécupérer pont juu ya nani?"

Akajibu, "Juu ya bamama ba Mabalako, chef," yaani kwa ajili ya wamama wa kule.

Ikaandikwa kwenye procès-verbal, karatasi ya mahojiano, kwamba anao wenzake, nao ni bamama ba Mabalako. Wanamtaka aweke sahihi. Anakataa, na leo ni siku ya tisa.

Furaha, mwenzetu anayempelekea fufu na sombe, anatuambia Kavuo amekonda na anaogopa kila anaposikia funguo. Lakini swali lake ni moja: nani anaigusa ile ordinateur? Kwa maana tumesikia inachezewa karata pale bureau, ofisini kwako. Kidole kimoja kikiulazimisha ule mbovu na kuuhifadhi, wiki sita zimekwenda. Sisi pia tunaogopa, Bwana Administrateur.

MAOMBI

Programme ya leo inasema ukishaweka jiwe tutakukabidhi plan, yaani michoro ya pont. Hatuna plan. Jana tulifikiri kukupa mchoro wa pont nyingine, na pengine usingetambua. Kiisha tukaona haya. Maçon, fundi mwashi, angeijenga kwa karatasi hizo, na watu wangepita juu yake.

Groupe yetu tunakuachia. Hatuombi meza wala mabati. Ombi letu ni moja tu. Ordinateur iko chumba cha kwanza cha bureau yako. Kavuo yuko chumba cha tatu. Tunaomba umpitishe kutoka chumba hiki hadi kile, umpe kiti, nusu saa, na courant isiyokatwa. Askari asimame nyuma yake na bunduki yake, atazame. Pont ikitokea kwenye écran, utajua kwa macho yako alitaka kurécupérer nini. Isipotokea, tutakuja sisi wote chumba cha tatu, hakuna haja ya kututafuta.

Mungu akulinde katika barabara zetu, alibariki jiwe utakaloliweka, na aizuie mvua mpaka wamama wapate kuvuka. Wasingya, asante.

Ni sisi, watumishi saba wa Atelier ya Dessin Tujenge, Butembo, mwaka 2001.

Tuliosimama mbele yako ni sita.