Mama Yetu na Jeni Iliyovunjika ya Pomboo

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza mama yetu, familia imenituma mimi, mwanawe wa kwanza, niwasomee maisha yake, nami nimehakiki kila tarehe mara mbili, kama alivyonilea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 nyuma ya kiwanda cha barafu, akaanza shule Januari 1965, na tangu darasa la pili hakuamini jibu la ubaoni mpaka alikokotoe mwenyewe, tabia iliyompatia viboko na namba moja. Alihitimu chuo kikuu Novemba 1981, na tarehe 3 Februari 1982 akaajiriwa katika maabara ya viumbe wa baharini.

Tarehe 20 Agosti 1983 aliolewa na baba yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu. Baba, alipoona mkewe anarudi kila siku na kukimbilia kuoga kabla hata ya kumsalimu, aliingiwa na shaka, akamfuata kazini mchana mmoja, akamkuta amezamisha mikono hadi viwiko katika mafuta ya pomboo, akarudi nyumbani kumshonea aproni.

Mwaka 2009 mama alikuwa akichunguza namna pomboo na nyangumi wanavyohimili baridi ya maji. Mamalia wengi wana jeni inayoyafanya mafuta fulani mwilini yaungue na kutoa joto, naye alitarajia kuikuta kwao ikifanya kazi maradufu, lakini tarehe 11 Mei majibu yalionyesha imevunjika. Alimshuku fundi wa maabara, mwenzake wa miaka ishirini na saba ambaye sisi watoto tulimwita Baba Mdogo, kwamba amechanganya sampuli, akalitia jokofu kufuli, akamwandikia mkurugenzi barua, na Baba Mdogo akahamishiwa stoo.

Kwa miezi minane alirudia vipimo peke yake, pomboo wanne na nyangumi wawili, na kwa wote jeni ile ilikuwa imekufa, ndipo akakubali kwamba vizazi vyao vya kale viliipoteza, na kwamba kinachowaokoa ni jeni nyingine, zilizobadilika zikawajengea tabaka nene la mafuta chini ya ngozi, joto lisitoroke.

Tarehe 18 Januari 2010 alimfuata stoo.

"Baba Mdogo, kazi yako ilikuwa safi. Nimekukosea."

"Una hakika, au unanipima tena?"

Mama alimwandikia mkurugenzi barua ya pili, Baba Mdogo akarudishwa maabara, ila tangu hapo aliweka sahihi yake juu ya kila kichupa, na mama hakumlaumu.

Septemba 2021 mama aliugua figo, akafariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari waliovumilia kurudia kila kipimo, majirani waliompikia, na wafanyakazi wenzake, hasa Baba Mdogo, ambaye wiki tatu za mwisho, macho ya mama yalipofifia, ndiye aliyemsomea majibu ya hospitali, na mama hakuomba mtu mwingine ayasome tena.

Mama, pumzika kwa amani, bila shaka yoyote.