Mji Uliokatazwa Viazi

Pii. Pii. Pii. Kisha kimya.

Wasikilizaji wapendwa, mmeisikia? Sikilizeni tena. Pii. Pii. Pii. Kisha kimya. Hiyo ni mashine ya kupimia damu katika maabara ya hospitali yetu hapa Dubrava. Ile pii ni mashine ikilalamika. Kile kimya ni kidole cha mtu kikiinyamazisha.

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekiogopa kimya hicho kuliko kelele. Jina lake ni Pavlina Horbay, msimamizi wa ubora wa maabara yetu. Amefariki juma hili nyumbani kwake, Mtaa wa Reli, kwa maradhi ya mapafu. Jana tumemzika. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Pavlina Horbay amefariki, na jana tumemzika.

Nimeombwa na watu wenye suti niyaseme maisha yake kwa upole na niruke mambo fulani. Sitaruka. Mtu aliyeishi kwa kusema ukweli hazikwi kwa uongo.

Pavlina alizaliwa shambani, kaskazini ya mji, kwenye nyumba iliyokuwa na mashine ya mkono ya kutenga krimu na maziwa. Mashine hiyo ilikuwa na kengele kwenye mpini. Ukizungusha polepole, kengele inalia. Ukifikisha kasi inayotakiwa, inanyamaza yenyewe. Pavlina mdogo alichoka mikono, akaifunga kengele kwa kitambaa. Krimu ikatoka maji matupu.

Binti yake, Larysa, amenisimulia yaliyofuata. "Babu hakumpiga. Alimwambia tu: kengele inyamaze yenyewe, usiinyamazishe wewe. Mama aliniambia maneno hayo mpaka nikayachukia. Nikichelewa kurudi nyumbani, kengele. Nikificha alama mbaya za shule, kengele. Nikamwambia, mama, mimi si ng'ombe wa maziwa! Akasema, ungekuwa ng'ombe ningekuwa tajiri."

Huyo ndiye Pavlina.

Sasa twende kwenye majira ya baridi ya mwaka juzi. Mnayakumbuka. Mageuzi ya afya yalikuwa yamepamba moto. Hospitali ndogo zilitakiwa zithibitishe kwamba maabara zao zinafaa, la sivyo damu yote ingepelekwa Saskatoon, mji mkubwa ulio mbali nasi, na maabara zifungwe. Wakaguzi walitarajiwa Jumatatu. Kwenye ukuta wa maabara yetu ulikuwapo ubao. Kazi ikienda vizuri, inabandikwa sumaku ya kijani. Kukiwa na tatizo, nyekundu. Ubao wetu ulikuwa kijani kitupu, wiki baada ya wiki. Kijani, kijani, kijani, kama shamba ambalo hakuna ndege anayetua.

Wote walijisifu. Pavlina peke yake ndiye aliyekuwa akiupita ubao ule haraka haraka.

Alhamisi jioni akaenda kanisani, kwenye ukumbi wa chini, siku ya pirogi. Wanawake walikuwa mezani wakikunja unga juu ya viazi vilivyopondwa, wamejaa unga mpaka kwenye nyusi.

"Olga, mbona mzee wako hali tena pirogi zetu? Kaoa mpishi mwingine?"

Olga Bilyk, mke wa mkulima Metro Bilyk, akajibu bila kuinua macho. "Nani atamtaka yule, anakoroma kama trekta! Daktari kamkataza viazi. Ati vina potasiamu, na hiyo potasiamu imempanda kwenye damu."

"Eh! Na wangu pia!"

"Na mimi! Nimenyang'anywa mpaka vidonge vyangu vya potasiamu."

"Basi tuwapikieni majani makavu, mle na ng'ombe!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mji wa watu wa viazi, umekatazwa viazi. Walicheka mpaka wakajifuta machozi kwa aproni.

Pavlina hakucheka. Pirogi ilibaki wazi kiganjani mwake. Watu wengi namna ile hawawezi kuwa na jibu moja la damu.

Olga akamsogelea, akashusha sauti. "Wewe wa hospitali, nikuulize. Tangu Metro aachishwe vidonge vyake vya potasiamu, miguu imemlegea. Na nikimwekea sikio kifuani, moyo unagonga, halafu unasimama. Kama mtu aliyefika mlangoni, akaghairi kuingia."

Asubuhi ya Ijumaa, Pavlina alichukua utepe wa njano na kubandika duara kwenye sakafu ya maabara. Desturi hiyo ililetwa na mageuzi yenyewe: ukitaka kujua kazi inavyokwenda, usimwulize mtu. Simama ndani ya duara, nyamaza, tazama. Wakubwa wengi husimama kidogo, kisha hukumbuka kahawa. Pavlina alisimama asubuhi nzima.

Curtis Lemke, mtaalamu kijana wa zamu ile, ameniambia hivi: "Mwanzoni tulimwona. Baadaye tukamzoea. Halafu, kaka, ikawa kitu kingine kabisa. Tukawa tunampita kama koti lililotundikwa. Hasemi. Hapepesi. Ukigeuka, macho ni yaleyale. Mimi nikasahau kabisa kwamba ni mtu."

Na Curtis alipomsahau, akafanya alichozoea kufanya.

Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penyewe. Kila asubuhi, kabla ya damu ya wagonjwa, mashine hupewa kichupa ambacho jibu lake linajulikana tangu kiwandani. Mashine ikitoa jibu hilo, inaaminika. Ikitoa jibu jingine, inalia, na kazi inatakiwa isimame. Narudia: kazi inatakiwa isimame.

Curtis akaweka kichupa. Pii. Akainyamazisha, akakirudia. Pii. Akainyamazisha, akakirudia. Safari hii mashine ikakubali kwa chupuchupu. Curtis akabandika sumaku ya kijani, akaanza kupima damu za watu.

"Umekirudia, mwanangu," koti likasema.

Curtis almanusura adondoshe trei nzima. "Mama! Umenitoa roho!"

"Umekirudia mara ngapi?"

"Mpaka ikubali. Leo imenisumbua kidogo tu."

"Na jana?"

Curtis akautazama ubao.

Pavlina akawaita wa zamu nyingine, mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa akirudia mpaka ikubali. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, na kwamba kwa wenzake mashine haina neno. Hakuna aliyemwambia mwenzake, maana hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyeuharibu ubao kabla ya wakaguzi. Mashine ilikuwa ikisoma potasiamu juu kuliko ilivyo. Waliokuwa na upungufu waliambiwa imezidi. Na vile vidonge vilivyokuwa vinaishikilia mioyo yao, wakanyang'anywa.

Pavlina akazima mashine.

Meneja wa hospitali, Gordon Pruitt, alishuka mbio, tai imepinda.

"Pavlina, umerogwa? Wakaguzi Jumatatu!"

"Waje tu. Watakuta mashine imezimwa."

"Wataifunga maabara! Umepigana miaka yote isifungwe, leo unawapa ufunguo? Unataka damu za wazee zisafiri Saskatoon kwenye barafu hii?"

"Heri damu isafiri irudi na ukweli, kuliko ikae hapa inadanganya."

"Lakini ubao ni kijani, mama!"

"Ndicho kinachonitisha, Gordon. Hata ng'ombe mzima hukohoa."

Akaanza kuwapigia simu wagonjwa, warudi kupimwa upya. Wa kwanza alikuwa Metro Bilyk. Akapokea Olga.

"Metro yuko nje, analisha ng'ombe. Nimwite?"

"Mwite sasa hivi."

Pavlina alibaki na simu sikioni. Akasikia mlango ukifunguliwa. Akasikia mbwa. Akasikia injini ya gari ikinguruma uani, na Olga akiita, "Metro! We Metro, simu!" Akaita tena. Injini ikaendelea kunguruma vilevile, bila kupanda, bila kushuka. Halafu Olga akaita kwa sauti ambayo Pavlina, mpaka anakufa, alikataa kumwigizia mtu.

Metro alikuwa ameketi kwenye gari lake, mikono kwenye usukani, kofia kichwani, mbele yake ng'ombe wamejipanga wakimtazama. Hita ilikuwa inapuliza. Redio ilikuwa inazungumza. Ilikuwa stesheni yetu hii, wasikilizaji. Sauti iliyokuwa ikiongea na marehemu ilikuwa yangu.

Gordon alimwita Pavlina ofisini. Akamwambia asimwambie mjane neno lolote. Wanasheria watashughulikia. Pavlina alivaa koti lake, akaendesha gari mpaka kwa akina Bilyk, akakaa jikoni kwa Olga. Maneno yake ninayo, nimepewa na Olga mwenyewe:

"Mashine yetu ilidanganya, na sisi tuliisaidia. Kama ndiyo iliyomuua, sijui, na huenda tusijue kamwe. Lakini hukupaswa kuyasikia kwa mtu mwingine."

Olga alimfukuza. Wiki iliyofuata alimpigia simu, akamwambia arudi.

Wakaguzi walikuja, wakakuta mashine imezimwa. Fundi aliifungua, akatoa kifaa kilichochakaa, kidogo kuliko kidole cha mtoto. Wagonjwa waliopimwa upya walirudishiwa vidonge vyao. Na maabara haikufungwa. Ilipewa muda wa kujirekebisha. Muda huo unakwisha mwezi ujao, wakaguzi wanarudi, na Pavlina hayupo.

Duara la njano lilibanduliwa zamani. Nilipokwenda maabara juzi, sakafu inang'aa, hakuna hata alama. Nikawatazama wafanyakazi wakipita na trei zao. Wote, hata walioajiriwa majuzi, wakifika mahali pale wanapinda kidogo, wanapazunguka. Nikamwuliza binti mmoja kwa nini. Akasema, "Kupinda wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa Larysa Horbay na ukoo wote, tunawapa pole. Kwa Olga Bilyk, ambaye kidonda chake tumekigusa tena kwa ruhusa yake, tunakupa pole, mama. Na ninyi mnaonisikiliza, mkiwa jikoni, mkiwa kwenye magari yenu, jiulizeni: kazini kwako, ni kitu gani unakirudia mpaka kikubali? Na ni nani, mbali nawe, asiyekujua, ambaye moyo wake unategemea jibu lako?

Nimalizie na lililotokea jana, baada ya mazishi, kwenye chakula cha msiba. Curtis Lemke alikuwa amesimama karibu na makoti, hali wala hanywi. Siku hizi ndiye aliyepewa nafasi ya Pavlina. Olga akamfuata.

"We kijana. Mwezi ujao wakaguzi watakuwa mlangoni. Mashine ikikataa, na Gordon akikuangalia kwa macho yale, utafanya nini?"

"Nitaizima, mama Olga."

"Hilo la mashine. Na sisi je?"

Curtis alimtazama Gordon, aliyekuwa meza ya mbele. Kisha akamgeukia Olga, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni:

"Nitakuja mwenyewe. Nyumba kwa nyumba, kabla ya simu, kabla ya wanasheria. Nitabisha, nitaingia, nitakwambia usoni kwamba tumekosea. Nakuahidi, mama."