Alijua Rangi Zote, Hakujua Kuomba Maji

Wanajumuiya wenzangu, amani iwe nanyi, na nyie mliokosa viti mkakaa nje pia. Mwenyekiti kanipa dakika tano. Mnanijua. Nitajitahidi zisifike hamsini.

Mimi ndiye yule mama niliyemaliza kidato cha nne nikiwa na mume, mtoto na mbuzi saba. Masomo ya jioni, hapahapa Bariadi. Matokeo yalipotoka nilipiga vigelegele mpaka Maswa wakauliza kuna harusi ya nani. Najivunia, na sitaacha leo. Lakini kuna jambo nilimfanyia mwanangu ili niupate ule ufaulu, na ndilo lililonisimamisha hapa.

Nilikuwa najisomea nyumbani kila siku kabla ya kwenda darasani. Binti yangu alikuwa na mwaka na nusu, anataka kubebwa saa zote. Nikampa simu. Ndugu zangu, nawaambia, kimya kilichoingia mle ndani! Ungesikia sisimizi akikohoa. Katuni zinaimba, mtoto katulia, mimi nakokotoa hesabu. Ikawa akila ni simu, akioga simu imeegemezwa kwenye ndoo, na usingizi hauji mpaka aishike mkononi.

Msidhani niliona aibu. Nilitamba! Maana mtoto alianza kusema "wan, tu, thrii," na rangi zote za Kizungu. Mimi niliyeanza kuhangaika na Kiingereza nikiwa mtu mzima, nikaona huyu wangu ameshafika chuo kikuu. Mgeni hajapewa hata kiti, naita, "Njoo umwonyeshe shangazi rangi!"

Mama mkwe wangu akaja kututembelea kutoka Ipililo. Akamsalimia mjukuu wake kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Mtoto hakugeuza hata shingo. Akarudia; macho ya mtoto yamebaki kwenye simu.

"Huyu ana miaka mitatu sasa," akaniambia. "Akishikwa na kiu anasemaje?"

"Ananivuta gauni, mama."

"Mbuzi wako nao si wanakuvuta gauni?"

Nilinuna siku mbili. Nikasema moyoni, mama huyu wa shamba anajua nini kuhusu elimu.

Basi, msimu wa kupanda ukafika. Tulikuwa tumeweka mfuko wa mbegu za pamba pembeni ya mkeka anapokaa na simu yake. Mara mtoto akaanza kulia. Analia, anatupa kichwa huku na huku, chakula hataki. "Wapi panauma?" Analia. Nikampa dawa ya tumbo, maana kila anayelia kwetu ni tumbo. Siku ya tatu nikambeba mbio mpaka zahanati. Bodaboda niliziacha nyuma.

Nesi akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kwa upole, "Mama, unaumwa wapi?"

Mwanangu, machozi yanamchuruzika, akamtazama, akajibu, "Blu."

Naona mnacheka. Chekeni tu, hata foleni yote ilicheka siku ile. Mimi sikucheka. Nilikaa chini sakafuni.

Nesi akaanza kutafuta mwenyewe. Akabonyeza tumbo, akaangalia koo, mwisho akamulika sikio. Akatoa mbegu ya pamba, imevimba. Siku tatu, ndugu zangu! Aliitia mwenyewe akiwa hatua mbili kutoka nilipokaa, mimi macho kwenye daftari, yeye macho kwenye kioo cha simu. Na hakuwa na neno hata moja la kunieleza maumivu yake.

Walihakikisha anasikia vizuri. Kisha nesi akaniuliza anashinda na simu muda gani. Kwanza nilidanganya, halafu nikasema ukweli. Hakunigombeza. Aliniambia, "Simu inamsemesha kutwa nzima, lakini haimsubiri ajibu. Mtoto hujifunza kusema kwa mtu anayemsubiri."

Simu ikafungiwa kabatini. Wiki ile ya kwanza alilia machozi ya kutosha kulimia mpunga Simiyu nzima. Kula, tabu. Kulala, tabu. Mume wangu akasema, "Mpe basi hata kidogo." Nikamwambia, "Na wewe ukitaka kidogo, nitakufungia humo humo." Nikaanza kumsemesha. Napika, namwambia napika nini. Najisomea, namsomea kwa sauti, mpaka historia ya ukoloni ameisikia yote. Neno lake la kwanza la kuomba lilikuja baada ya mwezi na zaidi: "Maji." Nilimpa ndoo nzima.

Mavuno yalipofika nikaenda naye Ipililo kuchambua pamba. Mnajua kazi yetu ile: mnakaa chini mmezunguka lundo, pamba safi kushoto, fifi yenye majani na uchafu kulia, na midomo hailali. Bibi yake akampa lundo lake dogo. Anamuuliza, ananyamaza, anamsubiri. Siku zikaenda. Asubuhi moja mtoto akainuka, akachomoa pamba kwenye lundo safi la bibi, akasema, "Bibi, hii ina majani. Toa!"

"Mimi nimechambua pamba kabla mama yako hajazaliwa. Leo wewe ndiye unanikosoa?"

"Ndiyo, bibi. Chafu."

Mama mkwe akapiga vigelegele, nami nikaongeza vyangu. Pamba zilipaa.

Leo ana miaka mitano. Anakimbia, analala, anabishana na watu wazima. Hayo malalamiko yenu nimeyapokea, na sitamkataza.

Namshukuru nesi yule, aliyenieleza bila kunidhalilisha. Namshukuru mama mkwe wangu, niliyemdharau kwa cheti ambacho hata sikuwa nimekipata bado. Namshukuru mume wangu, aliyevumilia zile kelele.

Nyie ninawaomba jambo moja. Mkifika nyumbani leo, mwulizeni mtoto kitu chochote, halafu nyamazeni. Msimjibie. Hata ugali ukiungua, msubirini aseme.